Fotodayodi Imebaki Moja

Jumatatu, 7 Julai 2003
Nimeuona! Leza hii ya kuazima inatoa mwanga wenye meno kama kitana. Jino na jino yameachana karibu gigahezi kumi, yaani mipigo bilioni kumi kwa sekunde. Fotodayodi ya kawaida, kijicho cha kupokea mwanga, inaona mwanga tu, mipigo yote inaipita. Hii ya kasi, jicho lake dogo kuliko unene wa unywele, imeigeuza mipigo kuwa umeme. Mstari mmoja kwenye kioo cha mashine: gigahezi 9.953. Kisha umeme ukakatika. Nimechoka.
Leza inarudi kwa wenyewe Ijumaa. Bila vipimo vyote ishirini mkataba wangu unaishia hapo. Dokta Wambura, mkuu wa maabara, kaniambia huku anatafuna karanga.

Jumatano, 9 Julai
Wageni kutoka bungeni. Kwa Dokta, mgeni hawezi kuondoka hajashika kitu. Akaichomoa fotodayodi ya kasi, akampa mheshimiwa kwa mikono miwili, adabu zote. Ikazunguka. Suti za sufu, zulia jipya, upepo huu mkavu — siku hizi hata kitasa cha mlango kinakupiga shoti! Nikasema, Dokta, umeme wa mwilini utaiua.
"Acha uchoyo, Loisi. Kwani wataila?"
Mheshimiwa mmoja mama akasema kidude chenyewe hata kuku hadonoi. Wakacheka.
Jioni nikawasha. Hakuna mstari. Imekufa. Dokta anasema labda niliifunga vibaya. Mimi! Nimeanza kwa kutengeneza redio mbovu kijijini Kibakwe, hakuna aliyenisomesha, leo sijui kufunga?

Alhamisi, 10 Julai
Za kasi zilikuwa mbili, imebaki moja. Zulia nimelikunja, sakafu nimeilowesha, mkononi nimejifunga waya unaokwenda ardhini. Miriam wa masijala kachungulia: "Dada Loisi, wamekufunga kama mbuzi wa Idi!" Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii.
Mstari umerudi. Vipimo kumi na moja.

Ijumaa, 11 Julai
Kumi na tisa. Gari la kuchukua leza linapiga honi. Dokta kaingia na mzee mmoja, mgeni wake. Shikamoo. Marahaba. "Mpe mzee hicho kidude akione."
Nimekataa. Mbele ya mgeni! Dokta katoka, kabamiza mlango, nasikia anampigia mtu simu kuhusu mimi.
Mzee kabaki kwenye stuli yangu, viganja wazi juu ya mapaja, bado anangoja kupewa. Namba ya kipimo cha ishirini inachezacheza, haijatulia. Kaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimekukosea nini?"
Naandika huku macho yangu yako kwenye kioo. Honi tena —