Shairi la Kusomwa na Ziwa

Dada Mwajuma, hamjambo hapo Ujiji? Mimi huku Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimeshazizoea ndizi zao za matoke, na leo jua limetulia.

Mawimbi unayoyaona mbele ya kadi nimeyachonga mwenyewe kwenye ubao, nikapaka wino na kuchapa. Yametoka vizuri. Ila shairi lililo chini yake nililichonga kama ninavyoandika, nikasahau kwamba ubao hugeuza kila kitu. Herufi zote zimetoka kinyume! Tena shairi lenyewe ni la Mama Espe, mwenyeji wangu, Mrundi wa Rumonge. Alilitungia ziwa alilozaliwa kando yake, kabla hajakimbia.

Niliona aibu mno. Yeye akaibana kadi kwenye kamba ikauke, kichwa chini, juu ya beseni la kufulia. Mara akainama. Ndani ya maji herufi zilikuwa zimekaa sawa, akasoma:

"Ziwa, uliujua uso wangu kabla sijakuambia jina. Bado unanikumbuka?"

Nikasema nitachonga ubao mwingine.

"Acha, mutoto wangu," akasema. "Hii maneno ni ya maji. Maji ndiyo isome."

Kesho naituma kwa posta ya Mbarara. Msalimie Mama na kuku wake.

Ziwa la Mama Espe ndilo hilo letu, dada. Asubuhi, kabla ya upepo, shuka na kadi hii ufukweni, uishike kichwa chini juu ya maji. Maneno yakinyooka, litajie ziwa jina la aliyeyatunga. Anaitwa Esperansi.

Mdogo wako akupendaye,
Shabani