Siku Tisa Bila Tarumbeta

Kolovai,
Tongatapu.
6 Juni.

Mpendwa shemeji Semisi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mkeo Fusi na watoto mkiwa wazima, na kwamba baridi ya Auckland haijakukamata kifua kama mwaka jana. Je, ule mguu ulioumia kazini umepona? Dada yako Losaline huniuliza habari zake kila Jumapili, kana kwamba mimi ndiye daktari wako.

Sisi tunaendelea. Losaline anakula sasa, ingawa kidogo. Mimi ni mzima, ila macho tu. Viazi vikuu alivyopanda marehemu kaka yangu Feleti vimekuwa vikubwa kuliko vya shamba lolote hapa kijijini. Watu hupita njiani, huanza kuvisifu, kisha hukumbuka na kunyamaza.

Usijilaumu kwa kutofika mazikoni. Mkeka uliotuma ulitandikwa karibu na kichwa chake, na watu wote waliuona.

Najua unangoja habari za mpwa wako. Tangu Meleane avikwe taji la mrembo wa wilaya yetu mwaka jana, hajapumzika. Hata sasa, akiwa na nguo nyeusi na mkeka mpana wa maombolezo kiunoni, huvaa ukanda wa taji juu yake na kwenda anakoitwa. Amekwenda shule tatu za msingi kuwafundisha watoto habari za meno na sukari. Kila Alhamisi huenda hospitali kukaa na wazee waliokatwa miguu, huwakata kucha za mikono na kusikiliza hadithi zile zile. Mwezi uliopita aliwaongoza vijana kuokota taka ufukweni, na mkeka wake ukaloa hadi magotini.

Mazoezi nayo hajaacha. Alfajiri hukimbia kutoka nyumbani hadi mwisho wa barabara, fimbo mkononi kwa ajili ya mbwa. Jirani yetu mzee Maka humngoja langoni pake ili amtanie. Juzi nilimsikia: "Meleane, nani anakufukuza? Kama ni mchumba, simama. Kama ni shangazi yako, ongeza mwendo."

Meleane akamjibu, "Ni mbwa wako, babu. Mfunge, au nimle. Nina miezi mitano sijaonja nyama."

Ni kweli, hali nyama ya nguruwe wala majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Samaki, papai na maji, basi. Jioni huwafundisha kina mama mazoezi ya viungo katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda mara moja. Nilikaa ukutani nikacheka mpaka nikaumwa mbavu, ndiyo yakawa mazoezi yangu. Watu walidhani anakimbia kwa ajili ya kiuno. Baba yake ndiye aliyemwagiza akimbie, ili apate pumzi ya kupuliza tarumbeta.

Mzaha wa Maka ulinichoma kuliko alivyojua. Hilo ndilo nililokaa kukuandikia, nami nimelizungukazunguka.

Wewe uliketi kulia kwa Feleti katika bendi ya kanisa miaka sita, kwa hiyo unaujua ule wimbo wa kuzikia. Marehemu wote wa Kolovai wamesindikizwa nao. Feleti aliupokea kwa baba yetu kwa masikio tu, na haukuwahi kuandikwa. Sauti nyingine za bendi zilijulikana, lakini ile ya juu ilikuwa yake peke yake.

Alipotolewa hospitali mwezi wa Machi, figo zikiwa zimekwisha, mimi nilihamia jikoni kwao ili nimsaidie Losaline. Unajua desturi. Mimi na kaka yangu hatukuwahi kukaa chumba kimoja tangu sauti yake ilipovunjika. Nilipika uji wake, nikaufikisha mlangoni, Losaline akaupokea. Mchana nilikaa kibarazani nikisuka, na ukuta ukawa kati yetu. Nilijua anavyokohoa. Sura yake sikuiona ila siku ile alipoingizwa ndani kwa machela kutoka hospitali.

Kila asubuhi baada ya kukimbia, Meleane aliingia mle ndani na tarumbeta. Nikasikia kipande kifupi, kisha kimya. Kipande kile kile tena. Kimya. Mara kumi, mara ishirini. Nilijua mashindano ya urembo ya taifa ni Julai, na kwamba kipaji atakachoonyesha mbele ya majaji ni tarumbeta. Nikaona amekigeuza chumba cha mgonjwa kuwa mahali pa mazoezi yake. Nilidhani kaka yangu anataka utulivu na hana nguvu ya kusema.

Tarehe mbili Aprili wanawake wawili wa kanisa walikuja kumjulia hali. Tarumbeta ikaanza. Mmoja wao akatabasamu na kusema, "Huyu mtoto ana bidii, hata kwenye kitanda cha baba yake." Shemeji, labda alimsifu kweli. Mimi nilisikia aibu ya ukoo. Nikapaza sauti kutoka kibarazani, mbele yao:

"Meleane! Baba yako anaaga dunia, na wewe unajiandalia taji? Kawapulizie majaji hicho kitu. Hapa nisikisikie tena."

Tarumbeta ikakatika. Kisha akatoka, akaketi chini mbele yangu, ameinamisha kichwa. Hakueleza chochote. Alisema tu, "Ndiyo, shangazi." Akaiviringisha tarumbeta kwa taulo la bluu na kuiweka juu ya kabati. Mimi niliendelea kusuka, na nakwambia ukweli, niliona nimefanya jambo jema.

Feleti alifariki tarehe kumi na moja. Siku tisa.

Usiku wa mkesha niliwakata watoto wake nywele, kama inavyonipasa mimi shangazi yao. Za Meleane zilifika kiunoni. Wengine walinong'ona kwamba majaji hupenda nywele ndefu na kwamba ningemkata ncha tu. Yeye mwenyewe aliniinamishia shingo, nami nilikata chini ya sikio. Hilo silionei aibu. Nywele huota.

Siku ya kuzika bendi ilisimama, Meleane akasimama mahali pa baba yake. Aliupiga vizuri hadi katikati ya ubeti, halafu akaishusha tarumbeta. Bendi ikaendelea bila sauti ya juu hadi mwisho. Watu walisema mtoto amezidiwa na machozi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaburi, na nilimwona. Macho yake yalikuwa makavu.

Ni mwezi uliopita tu, tulipokuwa tunaanika mikeka ya chumbani kwa marehemu, nilipoona daftari la shule. Ndani zilikuwa namba za sauti, kama tulivyofundishwa sote kanisani, kwa mwandiko wa Meleane. Kurasa tatu zimejaa. Ya nne imefika nusu, na juu yake ameandika 2 Aprili. Baada ya hapo ni karatasi tupu.

Nikamuuliza Losaline ni nini. Alikunja tena mkeka ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Kisha akanieleza. Feleti hakuwa na pumzi tena hata ya kuimba kwa mdomo. Alikuwa akimgongea Meleane mapigo kwa kidole mkononi, Meleane anapuliza, yeye anatikisa kichwa au anafumba macho, mpaka sauti iwe yenyewe. Ndipo inaandikwa. Alitaka kuumaliza ule wimbo wa kuzikia kabla hajaenda, na walikuwa wamefika katikati.

Nikamwuliza mbona hakuna aliyeniambia. Losaline akasema alimsihi mumewe anitumie neno, hata kwa mtoto. Feleti akasema, "Dada ameshasema. Basi." Akageukia ukutani.

Ukuta ule, shemeji, ndio niliokuwa nimeuegemea upande wa pili.

Kwetu, kama ujuavyo, dada yuko juu ya kaka na watoto wake, na kaka yangu hakunipinga maisha yake yote. Tukiwa wadogo nilimwambia avuke ziwa la chumvi akaniletee kamba ya kurukia niliyoisahau, maji yakiwa yamejaa, naye akavuka. Alirudi ameishika kwa meno. Nilijivunia jambo lile miaka hamsini. Sasa nikilikumbuka nataka kujificha.

Nimewaendea wazee wote wa bendi waliobaki. Kila mmoja ananiimbia mwisho wake, na hakuna miwili inayofanana. Ukikumbuka wako utaniimbia tukionana, lakini sikuandiki kwa ajili hiyo.

Ninakuandikia kwa ajili ya Meleane. Jumamosi iliyopita nilivaa mkeka uliochakaa kabisa, ule wa kuombea radhi, nikaenda kuketi mavumbini mbele ya mlango wao. Alipotoka na kuniona alishtuka hata akadondosha beseni. Shangazi haombi radhi kwa mtoto wa kaka yake, sijapata kuliona hilo. Alijitupa chini ili awe chini yangu, nami nikainama zaidi, hata tukawa kama watu wawili wanaotafuta sindano.

"Shangazi, inuka, watu wanatuona," akasema.

"Waache waone. Nimekuja kwa habari ya baba yako na tarumbeta."

"Nimeshakusamehe, shangazi. Inuka, tafadhali."

Nilikuwa bado sijasema nilichofanya. Nikamwambia achukue tarumbeta apige, asiogope tena neno langu. Akaenda, akarudi nayo, akalifungua taulo. Akapiga kurasa zile tatu na nusu bila kukosea hata sauti moja, akaishusha, akanitazama kama askari anayengoja amri inayofuata. Ndipo nilipoelewa kwamba nimemwamuru mara ya pili. Amepiga kwa sababu nimesema apige. Amesamehe kwa sababu mbele yangu hakuna neno jingine analoruhusiwa kulisema.

Tangu siku hiyo tarumbeta imerudi juu ya kabati. Watoto wa shule wakimwuliza iko wapi, husema imelala. Mashindano ni tarehe nne Julai, na kamati inataka kujua ataonyesha kipaji gani. Kwangu anasema, "Utakavyo, shangazi." Mama yake anamjibu, "Shangazi yako ndiye ajuaye." Hakuna mtu katika nyumba hii anayeweza kusikia anachotaka mtoto huyu.

Lakini wewe ni mjomba wake, na kwetu mjomba yuko chini ya mpwa wake. Alipokuwa na miaka saba alikuvua saa mkononi mbele ya wageni wa harusi, akaivaa, nawe ukacheka, ukarudi Auckland bila saa. Kwako halindi ulimi. Nakuomba umpigie simu siku ambayo mimi niko kanisani, Jumatano jioni, umwulize bila kumwambia kwamba nimekutuma. Mwulize kama anataka kwenda mashindanoni, na kama anataka kupiga. Mwulize pia ananionaje.

Kisha uniandikie kama alivyosema, usipunguze. Akisema hataki kwenda, nitalirudisha taji kwa kamati kwa mikono yangu na nitawaambia sababu ni mimi. Akisema hataki kuniona kibarazani kwao, nitatuma chakula kwa mtu mwingine, nami nitakaa kwangu. Hata akisema ananichukia, niandikie. Nimepewa "ndiyo, shangazi" nyingi katika maisha yangu, na moja imenigharimu sauti ya kaka yangu. Nataka sasa neno moja ambalo sikumwamuru mtu alitoe.

Nisalimie sana Fusi, na wanao Paea na Hulita mdogo, wajina wangu. Msalimie na mama mkwe wako, umwambie mafuta ya nazi aliyoagiza yako tayari. Losaline anakusalimu na kukulilia. Maka naye anasema bado unadaiwa mchezo wa karata.

Mungu aliyempumzisha Feleti awalinde ninyi mlio mbali, na akupe moyo wa kuniambia ukweli.

Shemeji yako akupendaye, na anayeona haya kukuandikia,

Hulita