Utulivu wa Jumatano

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako, na umpe mumeo na mjukuu wangu fungu lao. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Ukiuliza habari zangu, nitasema bado nipo. Miguu imevimba, chakula nakionja tu, na sauti, kama ujuavyo, ilinitoka mwezi uliopita na haijarudi. Daktari siku hizi ananitazama kwa upole mno, na daktari akianza upole, mgonjwa ajijue. Ndiyo maana naandika. Muuguzi ameahidi kuzipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo hii, Jumatatu, kabla zamu yake haijaisha.

Nasema leo hii kwa sababu keshokutwa ni Jumatano.

Nilifurahi uliponieleza mpango wenu. Nyumba tatu, kila mzazi anafanyia kazi kwake, na mnapokezana watoto: mama wa ghorofa ya juu Jumatatu, wewe Ijumaa, na yule jirani mchora ramani za nyumba Jumatano. Ulisema siku ya huyo bwana hakuna kilio wala ugomvi wa midoli. Watoto wanalala mchana kutwa, na wako ukimchukua jioni anakuangukia begani kama gunia la unga. Mnamwita Baba Usingizi. Uliandika ukicheka. Mimi nilisoma mara nne, na nilipofika pale uliposema mtoto sasa ana kikohozi na unampa dawa kila asubuhi, jasho likanitoka.

Jana nilikutumia ujumbe kwamba usimpeleke tena huko. Ukanijibu kuwa huo ni wivu wa babu, na kwamba wanaume nao wanajua kulea, mfano ukiwa mimi mwenyewe. Mwanangu, neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ulikuwa na miaka miwili. Marehemu mama yako alitoka kila asubuhi kwenda posta. Mimi nilikuwa nikifasiri nyumbani, kwenye ile meza ya dirishani. Kazi yangu ilikuwa karatasi za kampuni ya dawa, zile zinazokunjwa ndani ya boksi kueleza dawa inatumikaje na nani asipewe. Nyumba ya pili alikaa Fundi, huyu unayemwita mama mkubwa, akishona sare za shule. Ng'ambo ya njia alikaa Mwalimu, aliyesahihisha kazi za wanafunzi wanaosoma kwa posta. Sote tulikuwa na watoto wadogo na kazi zisizosubiri. Tukagawana siku, nami nikachukua Jumatano.

Walinicheka. Mwalimu aliniuliza kama nitawanyonyesha wino. Fundi akamwambia amwache shemeji, akishindwa kuwa mama tutamshonea gauni ajaribu tena. Na wiki ya kwanza nilishindwa kweli. Mtoto wa Fundi, mvulana wa mwaka na nusu tuliyempa jina la Kijogoo kwa ajili ya sauti yake, aliwaamsha wenzake kila walipofumba macho. Siku nzima nilifasiri nusu ukurasa.

Wiki ya pili wote watatu walilala tangu saa sita hadi saa kumi. Ya tatu vilevile. Fundi akaja kuuliza siri yangu, nikamwambia nawasomea tafsiri zangu, nao wanachoka haraka. Alicheka akajishika mbavu. Nikawa mfano mtaani. Wake waliwaambia waume zao wamtazame mwanamume mwenzao. Nilizoea sifa, nikauzoea na ule utulivu, ambao ndani yake hapakusikika kitu ila taipureta yangu.

Jumatano moja ya mvua Fundi alimleta Kijogoo akikohoa. Alisimama mlangoni akanieleza jambo, nami nikajibu sawa, sawa, macho yangu yako kwenye karatasi. Saa kumi nilikwenda kuwaamsha. Wewe uliamka umenuna. Mtoto wa Mwalimu akaamka. Kijogoo hakuamka. Nilimwita, nikamwinua, nikampaka maji usoni. Kichwa kilining'inia. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikawa kama imesahau njia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilitoka naye mbio, bila viatu.

Hospitalini daktari aliuliza mtoto amepewa nini. Fundi akasema asubuhi alimpa kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi, na kwamba aliniarifu alipomleta. Daktari akasema kijiko kimoja hakifanyi hivi. Mumewe akamgeukia akamuuliza kilikuwa kijiko au chupa. Akaapa kuwa ni kimoja. Akaulizwa tena na tena, mpaka akasema labda alikosea, maana alikuwa na haraka ya kumaliza sare. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Mwanangu, ni mimi. Kila Jumatano niliwatilia dawa ya mafua kwenye maziwa, ile inayoleta usingizi, kijiko kwa kila mtoto, na wewe ukiwemo. Siku ile Kijogoo alichelewa kulala, nikamwongezea cha pili, juu ya kile cha mama yake. Wala siwezi kusema sikujua. Karatasi ya dawa ile niliifasiri mimi. Niliandika kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka sita, kwani anaweza kuacha kupumua. Nilihangaika asubuhi nzima kutafuta maneno yaliyo wazi, ili mzazi yeyote aelewe.

Kijogoo alizinduka siku ya tatu. Pale nilipopaswa kusema, nilishukuru tu. Baba yake akamchukua akampeleka kwa bibi yake, akidai mwanamke yule si wa kuachiwa mtoto. Fundi akawa anamwona mwanawe wakati wa likizo, kama mgeni. Alipozaa tena, kila mtoto alipougua alikuja kwetu na chupa na kijiko, akiniomba nimpimie, kwa kuwa mkono wake mwenyewe hauamini. Nilimpimia. Miaka sita nilimpimia, naye kila mara akanishukuru.

Simtuhumu jirani yako. Huenda ana karama ambayo mimi sikujaliwa. Lakini naogopa hata kalamu inapotea mstari. Keshokutwa mtoto abaki nawe, kazi na ilale. Kisha mwendee huyo bwana umuulize uso kwa uso anawapa nini watoto. Kama hana hatia atakasirika. Mwambie baba yako ni mzee na akili zimemruka, mtapatana. Mimi hakuna aliyeniuliza nawapa nini. Walinisifu.

Ukishamaliza hilo, mpelekee Fundi barua hii umsomee, maana macho yake yameishia kwenye sindano. Usiruke mstari hata mmoja. Akitaka kuja kunitukana, aje upesi. Masikio yangu bado yanasikia.

Nifikishie salamu kwa mumeo na kwa wote wanaoniulizia. Mbusu mjukuu wangu, akiwa macho.

Ni mimi,
Baba yako