Jina Lililowekwa Chini

4 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa goti lina mambo yake, lakini halijanizuia kufungua kibanda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanibembeleza. Wiki iliyopita msambazaji kaniletea jarida jipya, nakala ishirini. Nikalifungua nione kama kurasa zimekatwa sawa, kama kawaida yangu kabla ya kupokea chochote. Kwenye ukurasa wa majina, chini ya neno "Usanifu", nikakuta jina lako. Nikasema huyu atakuwa somo wako tu. Msambazaji akacheka: "Mama, kumbe hujui? Binti yako kaacha ofisi ya bima tangu mwaka jana." Nikamwambia najua sana, nilitaka kuona kama na yeye anajua.

Mimi niliyeanza na majarida ya zamani juu ya gunia, nikapanda hadi meza, nikapanda hadi bati juu ya kichwa, nikakusomesha kwa hayo hayo, leo habari za mwanangu napewa na msambazaji.

Sasa jarida lenyewe. Jalada jeupe. Kiti kitupu katikati. Juu hakuna kitu, na jina liko chini kabisa kama limeanguka. Meza yangu unaijua: majarida yanalaliana kama vigae, kinachoonekana ni ukingo wa juu tu. La kwako linaonekana karatasi tupu. Mteja mmoja ameuliza kama ni daftari la kuchorea. Umekulia chini ya meza hii, halafu unafanya kosa la mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.

Mwezi ukiisha nayarudisha yote.

Mama yako, ambaye hajui siku hizi unakula nini

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usilibebeshe mafurushi, mwache msambazaji ayafikishe hadi ndani. Mimi sijambo, na ninakula.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa ungenipigia hesabu, na hesabu zako hazikosei. Nikaona jarida litangulie, lijiombee lenyewe. Kwa hilo nisamehe. Kwa jalada siombi msamaha.

Ni kweli nimekulia chini ya meza. Lakini mtoto aliye chini ya meza haoni meza, anaona kamba. Yale uliyoyapenda ulikuwa ukiyatundika kwa vibanio vya nguo, na kila kibanio kilikuwa kinang'ata jina. Mimi nilijifunza kusoma kwa majina yaliyokatwa vichwa. Ndiyo maana ulikuwa unashinda ukiyatangaza kwa sauti, jioni huna koo.

Nilipopewa jalada, nikasema hili mama hatalipigia kelele. Juu nikaacha nafasi ya vibanio viwili, jina nikalishusha chini. Mhariri alikataa, nikang'ang'ania. Toleo la pili limekwenda hivyo hivyo. La tatu anangoja marejesho, yaani nakala zisizouzwa: zikirudi nyingi, jina linapanda juu na mimi natoka.

Usilitundike kwa kunihurumia, mama. Litundike, uvuke barabara, ulitazame kutoka ng'ambo kama ulivyonifundisha. Likikaa vibaya, lirudishe.

Mwanao

20 Machi

Binti yangu,

Salamu. Goti ni lile lile.

Kamba yangu ina nafasi nane na kila nafasi ina mwenyewe. Siwezi kumtoa anayeniletea wateja nikamweka anayenililia. Nitaona.

Mama

2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua zangu mbili za mwezi uliopita hazijajibiwa. Msambazaji anasema kwako hakuna kilichorudi, ila hajui kama umeyauza au umeyasukumia chini ya meza kwa hasira. Mhariri anafunga hesabu za marejesho mwisho wa mwezi huu. Hata kama ni baya, niambie wewe.

Mwanao

9 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti limetulia, nimekuwa navuka barabara mara nyingi.

Nililitundika asubuhi moja kabla ya watu, ili likiniaibisha tuaibike wawili. Nikavuka. Yale mengine saba yalikuwa yamening'inia bila vichwa, kila moja na rangi zake linagombana na jirani. La kwako limekaa kimya, jina zima, na kile kiti kama kimewekewa mtu aliyechoka. Hata fundi viatu wa jirani aliniuliza, "Mama, leo mbona hutupigii kelele, unaumwa?"

Yamebaki mawili. Hayarudi. Moja liko kwenye kamba linashikilia nafasi mpaka nifungue furushi la toleo la pili. Lingine nalisoma. Nimeuza majarida miaka yote kwa majalada tu, ndani sikuwa na shida namo. Sasa naona umeacha ukingo mpana, kidole gumba kinapata pa kukaa bila kuziba maneno. Herufi zako zina viguu vidogo nchani, jicho linatembea nazo halitelezi. Na ile picha ya bibi iliyojaza kurasa mbili, nilienda moja kwa moja kwenye mshono wa katikati nikijua umempasua uso. Kumbe mshono umeupitisha kwenye mlango ulio pembeni yake. Nililitazama lile jambo mpaka mteja akanikoholea.

Ila maandishi ya chini ya picha ni madogo kama sisimizi. Ulimfikiria mtoto wa chini ya meza, mama mwenye miwani ukamsahau. Yakuze.

Mwambie mhariri wako kwangu hakuna kinachorudi, na la tatu aniletee nakala arobaini, jina likiwa pale pale lilipo.

La ofisi ya bima bado limenikaa rohoni. Lakini nimeweka kiti cha pili hapa kibandani. Njoo nikugombeze ukiwa umekaa.

Mama yako