Mizizi Isiyopokea Mgeni

Jumatatu, 4 Machi
Nimeng'oa mche baada ya mche wa maharage. Mizizi mitupu! Nimeiosha bombani, nikaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Hakuna hata kinundu kimoja, vile vijumba vya mizizini wanamoishi bakteria wa kuurutubisha mmea. Bakteria tumewapa, joto wanalo, maji wanayo — na mmea umewafungia mlango.

Mkuu wa maabara kasimama nyuma yangu. Eti bakteria walifia chupani. Yaani wifi yangu kawaua, maana kuwalea ndiyo kazi yake hapa maabara.

Kisha akatugawia ndizi za shambani kwake. Tamu, sina la kusema. Nimekula mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Mkuu kamwambia wifi kwamba mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi, ndiyo basi. Kwao yeye ndiye anayeleta unga. Kaka yangu bado anauguza mgongo.

"Wifi, wale bakteria walikuwa wazima. Niliwaona kwa macho yangu," kaniambia jioni.

Namwamini? Nataka kumwamini. Si kitu kimoja. Na nikimtetea hivihivi, watasema nalinda wa kwetu.

Nimebeba chupa ileile, nimepanda makopo machache dirishani jikoni. Mume wangu kauliza kama siku hizi ofisi imehamia kwenye sinki.

Jumapili, 24 Machi
Vinundu! Makopo yote. Nimekata kimoja kwa kisu cha mboga — ndani rangi ya waridi. Bakteria wazima, wako kazini. Wifi hana kosa. Nimecheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Basi kuna nini kule maabara, kwenye chumba cha miche?

Mmea haupokei kila mgeni kila siku. Ukiwa na dhiki unatoa homoni yake, ethilini, na hiyo huuzuia kujenga vinundu. Kumbe hata rafiki anaweza kukosa pa kuingia. Lakini nani kaitia dhiki miche yangu? Nimekaa na swali hilo hadi chai ikapoa.

Jumatatu, 25 Machi
Nimefungua chumba cha miche, nikasimama mlangoni. Ile harufu. Tumeizoea hata pua haituambii kitu. Rafu ya juu, nyuma ya maboksi: mkungu mzima wa ndizi, umefunikwa gunia, njano tupu. Mle kuna joto, zinaiva upesi. Na tunda linaloiva linatoa ethilini hiyohiyo, tena chumba kimefungwa. Maharage yangu yanaambiwa kuna shida, kumbe kuna ndizi.

Funguo ziko tatu. Wangu, wa wifi, wa Mkuu. Sisi wawili hatuna shamba.

Nina hasira. Nina huruma pia, hakukusudia. Lakini somo la ethilini alinifundisha yeye!

Jumanne, 26 Machi
Kikao. Naandika chini ya meza. Asubuhi nilitaka kumwona Mkuu faraghani, akasema ana haraka, tutaongea humu. Ajenda ya kwanza: bakteria waliokufa. Wifi kaketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekwisha kuaga.

Kabla ya kuanza, sahani inazungushwa. Ndizi. Kila mtu anachukua, anasifu. Imenifikia.

"Chukua, mwanangu, zimeiva barabara."

Nimechukua moja. Sikuimenya. Nimetoa kopo moja la jikoni mkobani, nimeung'oa mche, nimeuweka mezani, mizizi na vinundu vyake vyote, na ndizi kando yake. Mkuu anatazama mizizi. Anatazama ndizi. Ameacha kutafuna. Wifi kainua kichwa. Mkuu ananiuliza, taratibu, huo mche umeota wapi, na mimi namjibu: jikoni kwangu, kwa bakteria wa chupa ileile, pasipo ndizi.