Kiwanja cha Kiboko

Baba, shikamoo.

Asiyesikia la mkuu huponya guu. Lako wewe.

Sato wako yuko kwenye sufuria yenye kifuniko kizito. Kile chepesi paka ameshajua kukifunua.

Najua umenuna. Asubuhi nilikubishia mbele ya dalali, kule ufukweni Pasiansi, na ulikuwa umeshampa mkono. Lakini Baba, pensheni yote kwenye kiwanja kile kwa sababu ya upepo mzuri? Alikwambia, "Mzee, hapa utavua samaki ukiwa kitandani." Hakudanganya! Magugu maji yalikuwa yamekaukia kwenye seng'enge, usawa wa kifua changu. Masika ziwa lilifika pale. Na ile aliyoiita njia ya ng'ombe ni ya kiboko. Ng'ombe gani anarusha mavi mpaka juu ya vichaka?

Naenda kukiangalia kile cha mlimani, penye mawe. ~~Ziwa tuliache tu.~~ Hapana, utaliona lote kutoka barazani, nalo halitakufuata chumbani.

Dalali akipiga simu, usipokee mpaka nirudi. Usipeleke hela.

Maharage yaloweke.

Na msamaha siombi.

Kitinda mimba wako,
Awuor