Ulimlilia Daniel

Mama,

Huko uliko, kama umeanza kumtafuta Daniel, acha. Keti kwanza nikwambie.

Unamkumbuka mamake, yule muuguzi wa kwenye simu yangu? Ule ugonjwa wa kupumua ulipofanya mpaka wa Malaba ufungwe, nikarudi nyumbani Funyula, mimi ndiye niliyekuwa nakusomea maneno yake, wewe ukimenya njugu. Alisema anafanya kazi upande wa Uganda. Siku alipoandika kwamba mwanawe amekufa baada ya kuchanjwa, uliacha njugu zako hapo hapo. Kesho yake hukwenda shambani, na mvua ilikuwa imeshanyesha! "Mtu hawezi lima na mwenzake ako na matanga," ulisema. Jembe ukalilaza.

Wahudumu wa afya walipokuja kanisani na chanjo, ukawajibu kwa upole wako ule: "Hiyo sindano hapana. Mimi bado nalilia mtoto wa wenyewe." Nilikuwa kando yako. Baada ya wiki tatu nilikuwa nakupepea hospitalini, pumzi haitoshi.

Tulipokuzika nilimwandikia yule muuguzi kumjulisha. Hakujibu. Nilidhani bado ana huzuni.

Sasa sikia. Jana nikiwa Malaba nawachemshia madereva chai, redio ikataja jina la yule muuguzi. Jina lake, Mama! Nikajimwagia chai mkononi. Kumbe kurasa za mtandaoni kama ule wake zilikuwa nyingi, zote zikiandikwa na watu walioajiriwa na serikali ya nchi ya mbali, iliyotaka tuikatae chanjo ya nchi mpinzani wake. Hakuna muuguzi. Hakuna Daniel. Hata ile sura yake kwenye picha ilitengenezwa na kompyuta. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Serikali nzima, na maofisa wake, wakae kitako watunge kilio ili mama mmoja wa huku kwetu Samia aweke jembe chini? Walijuaje kwamba sisi tukisikia msiba hatuulizi maswali? Nashindwa kuelewa, Mama. Nashindwa kabisa.

Na mdomo uliokuletea habari hizo ni huu wangu.

Akina mama wa kanisa, ambao nao niliwasomea, bado wanamtaja Daniel katika maombi. Jumapili nitasimama mbele yao niseme yote, na niseme ni mimi niliyewasomea. Watanisema. Wacha waniseme. Chanjo nyingine ikija, nitawapeleka mwenyewe.

Jembe lako nimelishika, sehemu uliyoiacha nimeilima. Pumzika, Mama. Daniel hakuzaliwa. Katika kilio kile chote, aliyezikwa ni wewe.

Binti yako,
Nabwire